Habari Ziwafikie: Jinsi Ajali Ilivyogeuka Kuwa Burudani

Reli ilifika Mpanda kwa sababu ya madini ya risasi. Kampuni ya Uruwira Minerals ilikuwa na mgodi Mukwamba, na serikali ya kikoloni ikakubali kutandika tawi la kilomita 210 kutoka Kaliua, kuvuka mto Ugalla, kukata mapori ya miombo yaliyokuwa na mbung'o wengi kuliko watu. Kufikia mwaka 1950 garimoshi lilikuwa linaingia mjini. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Reli ikabaki, na mji ukabaki umeng'ang'ania reli. Kwa karibu miaka hamsini iliyofuata, habari za ulimwengu zilifika Mpanda kwa treni au kwa redio, na iliyokuja kwa treni ilikuwa imeshachacha.

Naanzia mbali hivi kwa sababu kijana wa leo wa Makanyagio au Nsemulwa, anayeamka na video tatu za ajali kwenye simu kabla hajanawa uso, hana namna ya kujua ilivyokuwa kuisikia ajali bila kuiona.

Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka ikiwa imekaribia Mwanza na kuua watu zaidi ya 800. Tanzania Bara ilikuwa imeonja televisheni kwa miaka miwili tu. Mpanda ilikuwa wilaya ya pembezoni ya Mkoa wa Rukwa, na televisheni ilikuwa simulizi ya waliofika Dar es Salaam. Lakini vijiji vyake vilikuwa na Wasukuma wengi waliohama na ng'ombe wao kufuata malisho, na ndugu zao walikuwa kulekule ziwani. Watu wakaizunguka redio. Wakasikia kwamba ubavu wa meli ulitobolewa ili kuwatoa waliokuwa wakigonga kutoka ndani, hewa ikatoka, na meli ikazama nao. Kila msikilizaji alijichorea picha yake kichwani, akalala nayo peke yake. Picha ya namna hiyo huwezi kumrushia jirani.

Kisha yakaja matangazo ya vifo. Waliokulia na Redio Tanzania Dar es Salaam hawajasahau: sauti ya mtangazaji isiyo na haraka, jina la anayesikitika kutangaza, jina la marehemu, uhusiano wao, mahali na siku ya mazishi. Halafu ule mstari uliowafanya watu waache kutafuna: habari ziwafikie. Ziwafikie mjomba wake wa Inyonga, dada yake wa Urambo, mtoto wake aliyeko jeshini Monduli. Aliyetajwa alijua la kufanya. Alifunga mzigo, akaomba ruhusa kazini, akaenda stesheni kusubiri. Jirani yake, ambaye hakutajwa, naye alijua la kufanya, maana aliyefiwa alikuwa ameshajulikana na mkeka wa kukalia ulishatandikwa. Taarifa ya kifo ilikuja na jina la aliyekufa, na jina la aliyekufa likavuta majina ya walio hai wenye wajibu kwake.

Miaka sita baadaye zamu ikawa ya reli yenyewe. Treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilishindwa kupanda mlima mkoani Dodoma, upande wa Msagali na Igandu, asubuhi ya tarehe 24 Juni 2002. Breki zikakataa. Treni ikarudi kinyumenyume kwa kasi iliyozidi kuongezeka mpaka ikaivaa treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Njia hiyo ndiyo ambayo msafiri wa Mpanda alipaswa kuipita hadi Tabora kabla ya kushika ya Kaliua, kwa hiyo kila nyumba iliyokuwa na mtu safarini ilikaa roho mkononi.

Maiti zililazwa uwanja wa mpira mjini Dodoma, na watu wakapita katikati ya mistari wakiwatafuta wao. Walitazama mambo mabaya kuliko mengi yanayozunguka leo kwenye simu. Lakini kila mmoja alikuwa akitafuta uso mmoja. Akiupata, analia, anaonyesha kitambulisho au anataja kovu, anakabidhiwa wake. Asipoupata anaondoka akimshukuru Mungu, kwa sauti ya chini, maana anayelia yuko pembeni yake. Hakuna mwenye akili aliyewalaumu watu wale kwa kutazama.

Sitaki kuwapamba wazee wetu kupita kiasi. Mwanadamu ameipenda ajali tangu alipotengeneza kitu kinachoweza kugongana. Tarehe 15 Septemba 1896, huko Texas, Marekani, ofisa wa kampuni ya reli aitwaye William Crush alipanga injini mbili za treni zigonganishwe makusudi. Kutazama kulikuwa bure, nauli ya kufika ndiyo iliyolipiwa, na watu wapatao 40,000 walifika. Wataalamu wengi walikuwa wamemhakikishia kwamba matangi ya mvuke hayatapasuka. Yalipasuka. Vyuma vikaruka juu ya umati, watu wasiopungua wawili wakafa, na mpigapicha aliyeajiriwa kuweka kumbukumbu akapoteza jicho. Moshi haujatulia, watazamaji wakakimbilia mabaki kuokota vipande vya kwenda navyo nyumbani. Crush alifukuzwa kazi, kisha kampuni ikamrudisha, maana jina lake lilikuwa limevuma.

Huku kwetu, kuanzia 1953, mashindano ya magari ya Safari yalikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, na watu wa vijijini waligundua mapema kwamba pa kukaa ni penye kona au tope. Mwaka 1963 magari saba tu ndiyo yaliyomaliza. Walikuja kuona mzungu akizama, sikatai. Ila walioketi penye tope ndio hao hao waliokunja suruali wakasukuma gari likatoka.

Mpanda haikupata burudani hiyo. Ilichopata, nchi nzima ilipokipata, ni kibanda cha video. Mji uliishi kwa umeme wa mitambo ya dizeli, na ukikatika jenereta dogo nyuma ya kibanda liliendelea kuunguruma. Ndani kuna mabenchi ya mbao, dirisha limezibwa kwa blanketi, televisheni ya chogo imewekwa juu kama sanamu ya mtakatifu. Filamu za Hong Kong na Hollywood zilifasiriwa kwa Kiswahili na mafundi wa maneno kama Lufufu, aliyekuwa akiongeza utani wake pale mwigizaji aliponyamaza. Gari likibingirika mlimani na kulipuka, kibanda kizima hupiga makofi, na kila mtoto anajua kanuni: staringi hafi. Atatoka kwenye moshi, shati limechanika, bastola mkononi.

Sioni dhambi katika makofi yale. Aliyebingirika na gari alikuwa mtu wa kulipwa, na jioni alikwenda kwao kula. Kibaya ni kilichokuja baadaye, pale kioo kilekile, makofi yaleyale na macho yaleyale yalipohamia kwenye gari ambalo ndani yake hakuna staringi.

Upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Uvira, kuna mji mdogo wa Sange, mahali ambapo Kiswahili ni lugha ya soko na ya kanisa. Jioni ya tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka barabarani hapo. Watu wakatoka na madumu na masufuria kukinga petroli. Moto ulipowaka ulitiririka pamoja na mafuta hadi kwenye nyumba, na kwenye vibanda ambako watu walikuwa wamejazana kutazama Kombe la Dunia lililokuwa likichezwa Afrika Kusini. Waliokufa walizidi 230. Wengine wao hawakuwa na dumu wala hawakuliona lori. Walikuwa kwenye benchi, wanatazama mpira. Siku chache baadaye picha za mabaki yao zilikuwa zimeizunguka dunia.

Mkoa wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012, ukamegwa kutoka Rukwa, Mpanda ikawa makao makuu. Mambo yakaanza kwenda mbio: mabasi yakaongezeka, minara ya simu ikapanda hadi Mishamo na Karema, simu zenye kamera zikashuka bei. Na tarehe 19 Agosti 2014, kijiji cha Mlogolo wilayani Sikonge, mabasi mawili yaligongana uso kwa uso. Moja lilikuwa la njia ya Mwanza na Mpanda. Watu zaidi ya 15 walikufa. Barabara ya Tabora wakati huo ilikuwa bado ya vumbi, na abiria wa Mpanda walizoea kuwaza kwamba lami ndiyo inayoua kwa sababu ya mwendo kasi. Lami imekuja baadaye, na ajali hazikuisha.

Aliyewahi kupita njia hizi anazijua dalili. Kwanza unaona matawi mabichi yametupwa barabarani, hatua kwa hatua, ili dereva apunguze mwendo. Kisha unaona watu. Kisha kanga. Daima kuna mama mmoja, mara nyingi mkulima aliyekuwa akienda zake shambani, anayevua kanga yake ya juu na kumfunika mtu asiyemjua jina. Kanga hiyo hairudi. Huo ndio utaratibu wa pembeni ya barabara kama nilivyoukuta: zuia magari, toa majeruhi, sitiri maiti. Siku hizi kuna hatua iliyojipenyeza mbele ya zote tatu, nayo ni kutoa simu mfukoni. Nimewahi kuona mtu akimsogeza mwenye kanga kwa kiwiko ili apate nafasi ya kurekodi.

Tarehe 6 Mei 2017 basi dogo la shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni Rhotia, Karatu. Wanafunzi 32, walimu wawili na dereva walifariki. Picha za watoto wale, wakiwa kwenye sare zao, ziliingia kwenye simu za nchi nzima. Fikiria mzazi anayeitambua soksi ya mwanawe kwenye picha aliyotumiwa na mtu asiyemfahamu, chini yake kuna maneno ya kuwahimiza wengine waisambaze. Siku hiyohiyo kulikuwa na wageni kutoka Marekani, watu wa huduma ya kujitolea, waliokuwa wakipita barabara ile. Walisimamisha gari, wakashuka korongoni, wakakuta watoto watatu bado wanapumua. Watatu hao walipelekwa kutibiwa Sioux City, Iowa, na Agosti mwaka huohuo wakarejea nyumbani. Klipu ya korongo ilitazamwa na wengi, na nina shaka kama robo ya walioitazama walishughulika kujua kwamba kuna waliopona.

Mwaka 2019 ulituvua nguo. Januari, baada ya magaidi kushambulia jengo la DusitD2 jijini Nairobi, gazeti la New York Times lilichapisha picha ya maiti zilizoinamia meza za mgahawa. Wakenya walichachamaa, Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya likalidai gazeti liiondoe, na sisi Watanzania tukawaunga mkono kwa nguvu zote: je, wangewaanika hivyo wafu wao? Swali lilikuwa la haki. Agosti 10 lori la mafuta likapinduka Msamvu, Morogoro, jirani na kituo cha mabasi. Watu wakakimbilia na madumu, moto ukalipuka, na waliokufa hatimaye wakapita mia moja. Taifa likawekwa kwenye maombolezo ya siku tatu. Kabla maombolezo hayajatangazwa, sisi wenyewe, bila msaada wa gazeti lolote la Marekani, tulikuwa tumeshawaanika wafu wetu kwenye kila kundi la WhatsApp kuanzia Mtwara hadi Mpanda.

Nadhani Morogoro inaeleza raha yenyewe ni ya namna gani, na ndiyo maana nakaa hapo. Kulikuwa na video mbili zilizotazamwa kwa pamoja: ya kwanza watu wanagombania mafuta, ya pili moto. Mtazamaji aliyeiona ya kwanza alijua mwisho wake kabla ya waliomo. Akawa na nafasi ambayo ni ya Mungu, na akaitumia kutoa hukumu. Tamaa imewaponza, wakaandika. Wengine wakaweka vikatuni vya kucheka. Huyu anayeandika yuko salama kitandani, bando lake limejaa, na anapata utamu wa kuwa si mjinga kama wale. Wachache walikumbuka kuuliza bei ya lita moja na kipato cha siku cha dereva wa bodaboda. Wachache zaidi walikumbuka kwamba kwenye umati kama ule hawakosekani wapita njia na waliokuja kushangaa tu, simu mkononi.

Hoja ya kujitetea ipo, na ina methali yake: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Tunatazama ili tujifunze. Ningeikubali kama ningeona somo likifanya kazi. Panda basi la alfajiri kutoka Mpanda kwenda Sumbawanga. Kabla hamjafika Sitalike, ambako watalii hushuka kuwatazama viboko, kijana wa siti ya mbele atakuwa anatazama mkusanyiko wa ajali, umetiwa muziki wa singeli, mkanda wake haujafungwa, na dereva anakimbiza gari hivyo kwamba miti ya mbugani inaonekana kama ukuta. Hamwambii dereva apunguze. Anatelezesha kidole kwenda ajali inayofuata.

Tena, wanaojifunza kweli hutazama tofauti. Ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria tarehe 6 Novemba 2022, mita chache kutoka uwanja wa Bukoba, ilikuwa na watu 43, na 19 hawakutoka. Video za ufukweni zilionyesha mambo mawili kwa wakati mmoja: wavuvi kwenye mitumbwi na watu wakivuta kamba, na nyuma yao msitu wa mikono iliyoinua simu. Video hizo zilisaidia umma kuhoji kwa nini wavuvi walifika kabla ya boti ya uokoaji. Kwa hiyo siwezi kusema kila anayerekodi ni fisi. Mchunguzi anatazama sekunde ileile mara mia, lakini kila mara ana swali: mkia uligusa maji saa ngapi, mlango ulifunguliwa na nani. Anayetazama kwa burudani hana swali. Ndiyo maana ajali moja haimtoshi.

Katavi ina mtu wake wa kumtolea mfano katika hili, na inashangaza jinsi anavyosahaulika. Adrian Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akakamatwa mtoto na kuuzwa utumwani, akanunuliwa na Wamisionari wa Afrika huko Algeria, akasomea utabibu Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Hakuondoka. Kwa miaka 67, hadi alipofariki mwaka 1956, alikuwa daktari na katekista wa watu wa mwambao ule. Macho yake yaliona majeraha na vifo kuliko mtu yeyote anavyoweza kuona kwenye simu, na kila jeraha aliloliona lilikuwa na mtu aliyekaa mbele yake, mwenye jina, anayesubiri kufungwa bandeji. Angeulizwa aliona nini Karema, angeanza na majina.

Sheria, kwa upande wake, imejitahidi kukimbiza jambo hili. Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa faragha yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ikaja mwaka 2015, kanuni za maudhui ya mtandaoni mwaka 2018, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Hata hivyo hakuna polisi anayeweza kusimama juu ya kila bega Kashaulili na Majengo, na mtu anayetuma video ya ajali kwa shemeji yake saa tano usiku hajihesabu mhalifu. Anajihesabu mleta habari. Hapo ndipo ninapogombana naye, kwa kipimo kilekile cha redio ya zamani. Habari ya kifo ina mwenyewe wa kuipokea. Video yake imemfikia asiyehusika kabla ya mama wa marehemu, na anayehusika atakapoipata, ataipata ikiwa na muziki.

Basi ombi langu kwa msomaji wa Katavi ni dogo na linatekelezeka. Klipu ikiingia, usiirushe. Ukiona ndani yake namba ya gari au jina la basi la njia mnayoitumia, mpigie unayemjua aliye safarini badala ya kuiweka kwenye kundi. Ukiikuta ajali barabarani, kata matawi, zuia magari, na simu uitumie kuita msaada. Polisi ni 112, Zimamoto na Uokoaji ni 114, na namba zote mbili hupigwa bure.